Peugeot 504 Inagonga, Shokapu Mpya Hazijasaidia

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Peugeot 504 saluni ya mwaka 1978, aliniachia marehemu baba. Nikiachia klachi kuondoka, huku nyuma panagonga "ko!" mara moja. Nikiweka rivasi, "ko!" tena. Likiwaka limesimama, usukani unatetemeka, na nikifika spidi 60 sakafu inavuma kama mzinga wa nyuki. Nimebadilisha shokapu na bushi za nyuma, kelele iko palepale. Sasa naambiwa difu imekufa. Ninunue nyingine?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Pesa ya difu iweke kwanza. 504 zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978; difu zake hazifi kirahisi hivyo.

Kwenye saluni yako giaboksi na difu vimeunganishwa kwa bomba la chuma, na propela shafti inazunguka ndani yake. Injini ikicheza huko mbele, kishindo kinasafiri hadi nyuma, nawe uliyekaa ndani utaapa ni difu. Mimi niliwahi kushinda siku nzima nimefungua difu ya mteja, meno mazima kabisa, kumbe mauntini ya injini, ile raba inayoibeba, upande wa ekzosi imekatika vipande viwili. Tangu hapo naanza na boneti.

Tafuta mtu unayemwamini akae kwenye usukani, avute hendibreki na kukanyaga breki. Wewe kaa ubavuni, kamwe usisimame mbele wala nyuma ya gari. Aingize gia ya kwanza, aachie klachi kidogo tu hadi injini ianze kuvuta, kisha aikanyage tena. Halafu rivasi, vivyo hivyo. Injini yoyote huinama kidogo. Ila ikinyanyuka na kutua kwa kishindo, na ile "ko!" ukaisikia papo hapo, mwizi umeshamkamata.

Zima, iache ipoe. Weka ubao mnene juu ya jeki ili usibonyeze sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inua injini kidogo tu, usiingie uvunguni, kisha mulika tochi. Raba iliyobanduka kwenye bati lake, iliyopasuka, au iliyolainika kwa oili, imekwisha. Ukikuta oili, ziba kwanza inakovuja, la sivyo hata raba mpya italiwa.

Mvumo wa spidi 60 nahisi ni ekzosi: injini imeshuka nayo, sasa inagusa sakafu. Tafuta mahali paliposuguka pakang'aa.

Badilisha mauntini zote mbili za mbele kwa pamoja. Za kukatwa kwenye tairi kuukuu usikubali, hata fundi akiwa ndugu yako. Ni ngumu, na mtetemo wote utahamia kwenye bodi. Bolti zishike kwa mkono tu, shusha jeki, injini ikae yenyewe mahali pake, ndipo ukaze. Ikigonga bado, niandikie, tutazitazama raba za difu.