Umepewa skauti shuleni? Anza na watoto sita, si na sare

Kila muhula ukifunguliwa hukosi mwalimu mgeni hapa Malindi aliyeambiwa na mkuu wake, "Wewe utashika skauti." Wakinipigia simu, la kwanza kuuliza ni sare: inauzwa wapi, bei gani? Mwalimu, iache sare kwanza. Nunua kamba.

Shule nyingi zimeigeuza skauti kuwa gwaride. Sikukuu ya Mashujaa ikikaribia, watoto wanapigishwa kwata juani. Siku ikipita, skafu zinarudi kabatini mpaka ile ya Madaraka. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuwa mwanajeshi, ni kweli, lakini kambi yake ya kwanza, kisiwa cha Brownsea huko Uingereza mwaka 1907, haikuwa ya kwata. Alichukua wavulana 20, wengine wa matajiri, wengine wa makabwela, akawachanganya katika makundi manne, kila kundi na kiongozi wake miongoni mwao. Hiyo ndiyo patroli. Bila patroli una watoto waliovaa nguo sawa tu.

Basi chukua sita, wasizidi wanane, wawe na kiongozi wao, halafu nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo walimu tunaposhindwa. Kambi moja karibu na Gede, patroli ilisonga ugali ukatoka uji, na mimi mkono unaniwasha kuuchukua mwiko. Kiongozi wao, msichana wa gredi ya saba, akaamuru kuni mbili zitolewe na unga uongezwe kidogo kidogo. Walikula usiku, lakini walikula cha kwao. Mafundo nayo usiyatafute kitabuni pekee. Darasani kwako hakosi mtoto wa mvuvi anayefunga kitanzi kisichokaza huku anaongea na wenzake, hata hakitazami. Mpe yeye afundishe, nawe ukae chini na wanafunzi.

Wazazi watakuuliza mawili: hili si jeshi? Si mambo ya kanisa? Waeleze kwamba ahadi ya skauti inamtaka mtoto atimize wajibu wake kwa Mungu, kila mmoja kwa dini yake. Ila maneno matupu hayatoshi. Ukiweka mkutano saa ambayo watoto wa Kiislamu wapo chuoni, yaani madrasa, umeshawajibu kwamba ni mambo ya kanisa. Weka baada ya sala ya alasiri, na kambini ratiba iache nafasi ya swala kabla hujaombwa.

Usiwachanganye marika. Hapa Kenya wadogo ni Sungura, kisha Chipukizi, wakiingia ujana ni Mwamba, na vijana wazima ni Jasiri. Sungura anataka hadithi na michezo. Mwamba ukimpa hayo atakukimbia wiki ya pili. Kisha nenda kwa kamishna wa kaunti ndogo ukaandikishe kikosi, na uombe mafunzo ya viongozi kabla hujalaza mtoto wa mtu porini. Barua ya ruhusa ya mzazi nayo isikosekane.

Skauti iko Kenya tangu 1910, na watoto wakishaonja watataka Nyeri, alikozikwa Baden-Powell aliyefariki Januari 1941. Jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti yenye maana ya "nimekwenda nyumbani". Kila Februari 22 maskauti hukusanyika huko. Ni safari inayofaa, lakini kutoka Malindi nauli yake si mchezo, na ukiitangaza mapema utabaki na watoto wenye pesa peke yao. Wapeleke kwanza msitu wa Arabuko-Sokoke, au mikoko ya Mida.

Sare itakuja. Anza na skafu, hata fundi wa mtaani anaishona ukimpa kitambaa cha rangi ya kikosi chenu. Anayemaliza shule mwombe aache shati lake kwa wadogo. Na mtoto akiwa tayari kutoa ahadi, avishwe skafu yake hiyo hiyo, hata kama amevaa ndara.