Jibu: Dola 1 imeondoka kwenye kadi na nimejiunga na gemu kwa majaribio ya bure

Ndugu, hiyo dola 1 haijakatwa, imezuiliwa tu. Kampuni ya gemu inaiuliza benki kama kadi yako iko hai. Kwenye kadi ya debiti, ile inayotumia pesa za akaunti yako moja kwa moja, inauma, maana salio la kutumia linapungua kweli hadi benki iiachie, kwa kawaida ndani ya siku chache, mara nyingine wiki au zaidi. Ikizidi hapo, wapigie benki waliokupa kadi. Usiingize kadi tena na tena, kila jaribio laweza kuzuia dola nyingine! Na tafadhali sana, sitisha usajili kabla majaribio hayajaisha kama huutaki. Kufuta gemu kwenye simu hakusitishi malipo, na siku majaribio yakiisha watakata bei kamili.