Vanishi ya meza ya kulia isiyoogopa maji
Kwa meza ya mbao uliyoikwangua upya, chukua vanishi ya poliyurithani ya mafuta. Laka (mpako mwingine wa kung'arisha mbao) mafundi huipenda kwa kuwa hukauka upesi, ila kikombe cha chai ya moto huiachia duara jeupe. Piga msasa namba 120, halafu 180, ukifuata nyuzi za mbao, kisha futa vumbi lote. Mkono (tabaka) wa kwanza changanya na tapentaini kama asilimia 10 ili mbao iinywe. Ongeza mikono miwili, kila mmoja baada ya saa 24, katikati ukipitisha msasa 320 kidogo tu. Usitikise kopo (koroga taratibu), mapovu yatagandia mezani. Paka na upande wa chini, hasa ncha zilizokatwa: maji huingilia hapo, ubao ukapinda. Kitambaa cha meza subiri wiki 3 hivi.