Alama zangu ni 512: je, benki itaninyima mkopo?

Swali: Nina duka la vipuri vya bodaboda Kayole. Nimeangalia alama zangu za mkopo kwa Metropol, kampuni ya kutunza rekodi za mikopo (CRB), nikakuta 512. Nataka 300,000 nipanue duka. Jirani ananiambia nichukue mikopo ya simu midogo midogo na kuilipa haraka mpaka alama zipande, ndipo niende benki. Ni kweli?

Jibu: Dada, usifuate ushauri huo.

Kipimo cha Metropol huanzia 200 hadi 900, kwa hivyo uko katikati. TransUnion na Creditinfo, ambazo pia zina leseni ya Benki Kuu, hukokotoa kwa njia zao, na huenda zikakupa nambari tofauti kabisa. Mtu ni yule yule, madeni ni yale yale. Kwa mkopo wa simu wa elfu mbili tatu, unaoamuliwa na kompyuta, alama zina uzito mkubwa. Lakini 300,000 husomwa na mtu, na kwa miaka mingi mtu huyo nimekuwa mimi.

Nikifungua ripoti ya CRB, nambari ya juu naipita. Nashuka kwenye akaunti: ulikopa wapi, umebakisha ngapi, umechelewa siku ngapi. Siku 90 zikipita bila malipo, mkopo huhesabiwa mbovu. Naona pia wakopeshaji wangapi wameulizia jina lako karibuni. Hapo ndipo ushauri wa jirani utakuumiza. Mikopo saba ya simu ndani ya miezi miwili, hata kama yote imelipwa, mimi huisoma kama mtu anayekopa huku ili alipe kule.

Kuna mama muuza nyanya wa Marikiti ambaye alama zake zilikuwa duni kuliko zako, kisa deni la simu la shilingi 1,340 alilolisahau alipobadilisha laini. Stetimenti yake ya M-Pesa ya miezi sita niliisoma mstari kwa mstari: asubuhi kabla ya saa nne pesa zinaingia, jioni anamlipa yule yule anayemletea mzigo, na kila Ijumaa mia tano ya chama haikosi. Alilipa ile 1,340, akaniletea barua ya kumaliza deni, mkopo ukapita. Wiki hiyo hiyo nilimkatalia mwajiriwa mwenye alama nzuri sana. Makato yake yalikuwa yameshafika theluthi mbili ya mshahara, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu kuvuka hapo.

Sisemi alama ni bure. Tangu kikomo cha riba kilipoondolewa Novemba 2019, benki inaweza kumtoza riba ya juu anayeonekana hatari zaidi, kwa hivyo 512 inaweza kukugharimu hata ukikubaliwa. Uliza riba yako imepangwaje kabla ya kutia sahihi.

Sasa agiza ripoti kamili. Una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Ukikuta deni usilolijua, lipinge kwa maandishi. Mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukuorodhesha vibaya, na tangu kanuni za 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halifai kukuingiza kwenye orodha hiyo. Ukikuta ni lako, lilipe na uitunze barua. Rekodi hubaki miaka mitano, lakini deni lililolipwa halisomwi sawa na lililotelekezwa.

Halafu mauzo yote yapitie kwenye tili ya duka, yaani namba ya simu ya kupokelea malipo ya wateja. Hili huniuma kila wiki: mtu ana biashara nzuri, ila pesa inatoka mkononi mwa mteja, inaingia droo, inanunua mzigo, na mimi sina pa kuiona. Ipe tili miezi sita, usiichanganye na karo wala kodi ya nyumba. Siku ya kuja, beba stetimenti hiyo, risiti za vipuri, na daftari lako la mauzo, hata kama kurasa zina alama za grisi.