Geuza Jani Kabla ya Kwenda Agroveti

Wewe uliyeanza kulima juzi, uwe na sukuma uliyopanda kwenye magunia ya udongo katika ploti huko Umoja, Nairobi, au kipande cha udongo mwekundu pale Kabete, nakuomba jambo moja: mmea ukiugua, uchunguze kwanza kabla ya kununua dawa. Nawaona wengi wakipulizia sumu kwa shida isiyo na mdudu wala ugonjwa.

Sukuma ikijikunja majani na kunata, geuza jani changa. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hujazana huko chini. Maji yenye sabuni kidogo, yapulizwe jioni upande huo na kurudiwa baada ya siku chache, kwa kawaida yanatosha.

Nyanya ikinyauka ghafla ilhali majani bado ni mabichi na udongo una maji, kata shina karibu na ardhi, utumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Ukiona nyuzi nyeupe zikishuka kama moshi, huo ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa mmea na mizizi yake, usiutie kwenye mboji, osha jembe. Mahali hapo usirudishe nyanya, viazi, pilipili hoho wala biringanya, kwa kuwa zote ni ukoo mmoja. Panda sukuma.

Nyanya yenye kitako cheusi ni kisa kingine. Tunda limekosa kalisi (kalsiamu) kwa sababu maji yanakuja kwa vipindi, na kwa huu mgao wa maji wa Nairobi si ajabu. Tandaza nyasi kavu shinani, umwagilie kidogo kidogo bila kuruka.

Sasa malenge, yanayowavunja watu moyo kuliko yote. Maua ya kwanza huwa ya kiume, yakidondoka, usihangaike. La kike utalijua kwa kijitunda kilicho chini ya petali. Kijitunda hicho kikigeuka manjano na kusinyaa, mara nyingi hakikupata chavua, ule unga wa ua la kiume unaobebwa na nyuki, hasa Julai, asubuhi zikiwa na baridi na mawingu na nyuki hawatoki. Basi fanya wewe kazi ya nyuki: kati ya saa moja na saa tatu asubuhi chuma ua la kiume lililofunguka, libandue petali, upake ile chavua ya manjano katikati ya ua la kike. Ukichelewa hadi mchana, litakuwa limeshafunga.

Na ukilazimika kupiga dawa, tafadhali subiri jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani.