Kulipwa kwa USDT ukiwa Nairobi: pesa hupotelea wapi

Ndugu uliyeuliza kama ukubali mteja wa ng'ambo akulipe dola 120 kwa USDT, yaani sarafu ya kidijitali yenye thamani ya karibu dola moja kila moja, badala ya benki: kubali. Ni kwenye malipo madogo kama haya ambapo blokucheni, yaani daftari la pamoja la miamala ya sarafu hizi, inamfaa sana mtu wa kazi za mtandaoni, maana ada za benki za kimataifa hazipungui kwa sababu pesa ni kidogo.

Kwanza kubalianeni mtandao wa blokucheni utakaotumika. USDT iko Tron, iko Ethereum na kwingineko. Anwani ya Tron huanza na T, ya Ethereum na 0x. Mteja akitumia mtandao ambao soko lako (jukwaa la kununua na kuuza sarafu ulikofungua akaunti) halipokei, salio halitaonekana, na kurudishiwa kutategemea hisani ya soko. Atangulize dola 5 kwanza.

Ukiwa na pochi yako mwenyewe, yaani programu ya kuhifadhia sarafu bila kupitia soko, weka TRX (sarafu ya mtandao wa Tron) kidogo ndani, kwani huko ndiko ada ya Tron hukatwa. Bila hiyo utaziona dola zako na hutazisogeza.

Usikopi anwani kutoka kwenye orodha ya miamala. Tapeli hutengeneza anwani inayofanana na uliyozoea, tuseme TKq7 mwanzoni na 9mXa mwishoni, kisha hukutumia senti chache ili ikae juu ya orodha. Tofauti iko katikati; soma katikati.

Sasa kugeuza USDT kuwa shilingi, na hapa ndipo watu wengi hulizwa. Soko la mtu kwa mtu, ambako unamuuzia mtu mwingine naye anakulipa kwa Mpesa, hushikilia USDT zako mpaka uthibitishe kwamba Mpesa imeingia. Usiamini meseji, angalia salio. Jina la mtumaji lisipolingana na la akaunti ya mnunuzi, usiachilie sarafu, hata akikuharakisha vipi. Huenda pesa hizo ni za mtu aliyetapeliwa: akiomba muamala ugeuzwe, Mpesa inaweza kuzuiwa, ilhali USDT ikishatoka hairudi.

Kuhusu kodi, ile kodi ya asilimia 3 ya thamani ya sarafu za kidijitali, iliyoanza 2023, iliondolewa 2025. Sasa kuna ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ya soko, si juu ya kiasi chote. Mapato yenyewe bado unayatangaza KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

Mteja akisema ametuma, usiombe picha ya skrini. Omba namba ya muamala, ile ndefu ya herufi na tarakimu 64, uitafute mwenyewe Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Tron.