Mleta uzi, hayo maharage mekundu yasiingie humo kabla hayajatokota

Nilipita tu kuona watu wanapika nini usiku huu, nichukue wazo moja niondoke zangu. Nikakuta umeandika kwamba kesho asubuhi utatia maharage mekundu makavu, nyama, kitunguu na nyanya kwenye kile chungu cha umeme cha kupika polepole, ufunike, uende kazini, na jioni wageni wanane wakute chakula kinawasubiri. Chini yako watu wamejazana kukusifia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama hayo maharage yatachemshwa kwanza. Mkuu, hiyo njia mimi nimeshaipita, na inaishia mlangoni mwa choo.

Usifanye. Maharage mekundu makavu hayaingii kwenye hicho chungu mpaka yatokote nusu saa nzima juu ya jiko la kawaida. Nusu saa ya mapovu, si ya mvuke.

Mimi chungu changu kilikuwa na wiki mbili tu, nakisifia kila nikaapo. Siku hiyo mama mkwe anakuja kula kwangu kwa mara ya kwanza, na shemeji yuko naye. Usiku niliyaloweka maharage (hilo peke yake ndilo nililopatia), asubuhi nikamimina kila kitu, nikaweka moto wa chini kabisa, nikaondoka. Jioni nyumba nzima inanukia. Mama mkwe akakitazama kile chungu, akaniuliza, "Mwanangu, haya yametokota saa ngapi? Tangu nifike sijasikia chungu kikilia."

Nikacheka. Mnakijua kile kicheko cha mtu anayejiona anajua mambo. Nikamwambia, "Mama, hiki cha kisasa, hakitokoti." Nikachota punje moja, nikaiminya kwa vidole mbele yake, ikapondeka. "Umeona? Yameiva." Akanyamaza kwa adabu zake. Laiti angenibishia.

Kosa lenyewe liko hapo kwenye kuminya. Haya maharage yanaweza kulainika bila kuiva. Ndani yake mna sumu ya asili, aina ya lektini iitwayo faitohemaglutinini, na maji yanayochemka kwelikweli, nyuzi 100, ndiyo yanayoivunja. Vyungu hivi vikiwa kwenye moto mdogo, chakula cha ndani mara nyingi hakivuki nyuzi 75. Joto hilo likikaa saa kumi linalainisha punje mpaka inayeyuka mdomoni, na sumu iko palepale. Tena bora ingekuwa palepale! Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeeleza kwamba maharage yaliyofikishwa nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu mara 5 kuliko yakiwa mabichi. Na hayo mabichi, punje 4 au 5 zinatosha kumwangusha mtu. Mimi nilipakua sahani nzima, halafu nikawa nawabembeleza waongeze.

Tulikula saa moja na nusu. Saa tatu haijafika, shemeji akaomba kuelekezwa chooni. Hakurudi. Akafuata mke wangu, nikafuata mimi, wa kutapika anatapika, wa kuhara anahara, na choo ni kimoja. Mama mkwe zamu ya kwanza tulimpa kwa ajili ya umri wake, ya pili kwa ajili ya heshima, ya tatu hakungoja kupewa. Kitu hiki huanza saa moja hadi tatu baada ya kula, na kwa kawaida hutulia baada ya saa chache, kwa hiyo usiku wa manane tulikuwa tumelala sebuleni kila mtu na ndoo yake, hakuna anayeongea. Shemeji peke yake ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Shemeji, kama hukutaka tuje ungesema tu."

Sasa sikilizeni upumbavu wa pili, maana huo ndio ulionigharimu zaidi. Nilijiridhisha kwamba mwenye kosa ni nyama. Kwani maharage yanaweza kumfanya nini mtu? Nikampigia simu aliyeniuzia nyama, nikamtolea maneno ambayo mpaka leo nikipita kwake natazama chini. Nikatupa nyama yote iliyokuwa kwenye friji, nzima, haijaguswa. Kisha nikakaa na kijiko nikaopoa vipande vya nyama kimoja kimoja kutoka kwenye chungu, nikatupa, nikabakiza maharage na mchuzi wake. Nilijiona mwangalifu kweli.

Kesho yake mchana nikayapasha, nikala. Niliyapasha yakapata uvuguvugu tu, sikuyachemsha. Baada ya saa mbili nilikuwa nimejikunja sakafuni, safari hii peke yangu, na nyama ya kusingizia haipo. Nikapelekwa hospitali. Muuguzi akaniuliza nimekula nini, nikamwambia maharage, akauliza ya rangi gani, nikamwambia mekundu, akauliza nimeyapikaje. Nilipofika kwenye "moto mdogo saa kumi" akaacha kuandika, akaniangalia. "Hukuyachemsha?" Nikanyamaza. Maneno yaleyale ya mama mkwe, isipokuwa huyu alikuwa na sindano mkononi.

Wa kulaumiwa ni mimi, lakini siko peke yangu. Yuko yule bwana wa video niliyemfuata: "tia kila kitu, funika, nenda zako." Nilipopona nikairudia video yake kama mpelelezi. Mara ya tatu ndipo nikaona, nyuma yake mezani, makopo mawili matupu. Alitumia maharage ya kopo! Ya kopo yameshapikwa kiwandani kwa moto mkali, hayo unayatia unavyotaka hata kwenye maji ya vuguvugu. Hakusema neno. Nikamwandikia kumweleza yaliyotupata, akanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba!

Wako pia hawa wa "mimi napika hivyo miaka yote na sijafa." Wawili nimeshawaona hapo juu. Wakuu, ama mnatumia ya kopo, ama chungu chenu kiko kwenye moto wa juu unaofika kuchemka, ama mna bahati. Mimi pia sijafa, mbona naandika. Ila muulizeni mama mkwe kama anakubali mwaliko wangu.

Fanya hivi. Usiku huu yaloweke, yasipungue saa 5. Asubuhi mwaga yale maji yote, usione uchungu, usiyafanye supu. Tia maji mapya, bandika jikoni, na saa uanze kuihesabu pale yanapotokota kwa nguvu, si pale ulipowasha moto. Dakika 30. Atakuja mtu hapa kukwambia 10 zinatosha. Hizo za juu ni za kuhakikisha joto limefika hadi moyoni mwa punje, na kwa dakika 20 sioni sababu ya kubishana. Baada ya hapo yahamishie kwenye chungu chako upike polepole mpaka uchoke. Ukiwa na sufuria ya presha, hiyo haina tatizo, joto lake linapita la kuchemka. Maharage meupe sumu yake ni kama theluthi tu ya hii ya mekundu, lakini na yenyewe nayachemsha, mimi sasa nachemsha kila kitu, karibu nichemshe chumvi.

Nyanya umeuliza: tia mwishoni, maharage yakishalainika. Ukali wake unayafanya yakatae kulainika, utakaa unangoja mpaka wageni wasinzie.

Umeuliza pia kiasi gani kinawatosha watu wanane na upike nini cha kulia nayo. Wanane. Kwako kuna vyoo vingapi?

Na kama unasoma hii kesho ukiwa umeshatoka, na chungu umekiacha kinawaka na maharage mabichi ndani, piga simu nyumbani sasa hivi. Mtu achomoe waya, kila kitu kihamie kwenye sufuria jikoni, kitokote hizo dakika 30 ndipo mtu yeyote aonje. Na asionje kwanza "kuona kama yameiva." Hasa asiyaminye.